Uzi: Miaka miwili Kisumu, nikisikiliza nyimbo ninazozielewa nusu

Mwenye uzi

Habari zenu, ndugu. Mimi ni kijana wa miaka 26, Mjita wa Musoma, na huu ni mwaka wangu wa pili Kisumu, ambako ninafanya kazi ya kutengeneza sofa. Nilisita kuandika haya, kwa sababu mtu akisikia Mtanzania analalamikia upweke Kisumu atacheka tu. Kutoka kwetu ni safari ya siku moja ya basi: unapita Tarime, unagongewa muhuri Sirari, unavuka kwa miguu hadi Isebania, kisha Migori, Kisii, na usiku haujaingia vizuri umefika. Ziwa ni lile lile na Kiswahili kinazungumzwa. Mimi mwenyewe siku naondoka nilijiona kama mtu anayekwenda kwa jirani kuazima ungo.

Kilichonifanya nitambue kwamba nimetoka kweli ni muziki. Ninaishi Nyalenda, katika chumba kimoja cha mabati ambacho ukuta wake wa upande wa kulia ndio ukuta wa kushoto wa jirani yangu, na jirani huyo ana spika kubwa kuliko kitanda chake. Jumapili yangu ya kwanza niliketi na kikombe cha chai mezani, benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo wa huku, ikaanza kule upande wa pili, na gitaa la besi lilipoingia kijiko kikaanza kutikisika ndani ya kikombe na kutoa mlio wake mdogo. Nilikitazama kile kijiko mpaka wimbo ukaisha. Kilikuwa kinacheza na mimi nimekaa, na nikafikiri kwamba hata chombo changu kimepokelewa kabla yangu.

Kazini ni hivyo hivyo. Tuko mafundi sita katika kibanda chetu Kibuye, na redio inayotangaza kwa Kidholuo, lugha ya Wajaluo, imefungwa kwa waya juu ya nguzo, haizimwi tangu asubuhi hadi tunapofunga. Mwimbaji husema jambo katikati ya wimbo, si katika kiitikio bali pale gitaa linapopungua na yeye anapozungumza tu, na watano wanacheka kwa pamoja huku wa sita akipigilia msumari. Nilipouliza mara ya kwanza, mmoja alinieleza kwa upole kabisa: amemtaja mtu fulani na mahali anapotoka. Nikasubiri sehemu inayochekesha, kumbe amekwisha kunieleza.

Kiswahili changu nacho kilinitenga badala ya kunisaidia. Nilizoea kusema "naomba maji", na mama anayetuuzia chakula akaniambia, "Wewe huombi, mwanangu, wewe unanunua." Nilimwamkia mama mwenye nyumba "shikamoo" akageuka kutazama nyuma yake ni nani anayesalimiwa, halafu akanijibu "mzuri". Nikisema nimefua, wenzangu wanasema wameosha nguo. Sokoni ndiko nilikochoka zaidi, maana nimekulia kando ya ziwa hili, mama yangu ameuza samaki maisha yake yote, na bado nilisimama mbele ya meza ya samaki kama mtu wa jangwani: sato wanaitwa ngege, sangara anaitwa mbuta, na dagaa ambao ndio walionilipia ada ya shule wanaitwa omena na hupimwa kwa gorogoro, kopo lao la kupimia. Kwa miezi kadhaa kila bei niliizidisha kwa 20 kichwani ili niione kwa shilingi za nyumbani, na chai ikanichacha mdomoni kila nilipofikia jibu.

Sijaonewa na mtu, na ninaomba hilo lieleweke. Watu wa hapa wamenikaribisha kuliko nilivyotarajia. Upweke ninaousema ni ule wa kukaa katikati ya watu wanaokupenda, wanaokupisha kwenye benchi na kukumegea ugali, lakini wakianza kucheka unabaki kutazama midomo yao. Saa kumi jioni siku ya Jumapili ndiyo saa yangu mbaya. Nimewahi kupanda tukutuku kwenda Dunga nikakaa kutazama maji upande wa kusini, nikijua fika kwamba Musoma haionekani kutoka pale, hata kwa darubini.

Swali langu kwa mlioishi ugenini ni hili: mlianzaje kusikiliza muziki wa watu mliowakuta? Simaanishi kuuzoea, kwa sababu kuuzoea nimeuzoea. Namaanisha kufika mahali unapocheka pamoja na wengine.

Mzaliwa wa Kondele

Ndugu yangu wa Musoma, karibu, ingawa nimechelewa miaka miwili kukuambia hivyo.

Nianze na wale watano waliocheka. Sisi hatucheki kwa sababu mtu ametajwa. Tunacheka kwa sababu ya namna alivyotajwa. Katika nyimbo zetu mtu hatajwi jina peke yake kama katika orodha ya shule. Mwanamke ni nyar Alego au nyar Seme, yaani binti wa mahali fulani, na mwanamume ni wuod Gem au wuod Nyakach. Kila mahali pana sifa yake na utani wake, hivyo mwimbaji akimwita mtu kwa kwao amekwisha kutaja tabia yake, chakula chake na majivuno yake, yote kwa maneno mawili. Ukitaka ufunguo, acha kutafuta kitenzi. Sikiliza nyar na wuod, kisha uulize kinachofuata ni wapi.

Jambo la pili ni pakruok, ambalo sidhani kama umeelezwa. Tangu zamani za nyatiti, ala yetu ya nyuzi, mtu aliyehudhuria alikuwa na haki ya kumsimamisha mpigaji kwa kumtuza, akajisifu mbele ya watu, akawasifu rafiki zake na kwao, halafu muziki ukaendelea kutoka pale ulipokatwa. Leo linafanyika pia kwenye ohangla, muziki wetu wa ngoma; njoo usiku Kondele uone. Mgeni asiyejua hudhani ni vurugu, kwamba walevi wanamkatiza msanii. La hasha, ndiyo sehemu tunayoisubiri.

Tatu, kuna maneno mawili ambayo huenda umeyasikia yakisemwa juu yako. Wendo ni mgeni anayepikiwa kuku, na siku moja ataondoka. Jadak ni yule aliyekuja akakaa kwenye ardhi ya wengine, na neno lenyewe linatokana na kukaa. Hili la pili lina uchungu wake katika habari za mashamba, sitakuficha, na lisisemwe ovyo. Lakini katika mji huu wa Kisumu nani si jadak? Reli ilipofika hapa mwaka 1901, pakiitwa Port Florence, ilikuja na makarani, Wahindi wenye maduka, askari na wapagazi kutoka kila pembe, na hata sisi Wajaluo tulio wengi mjini tuna dala zetu, yaani maboma ya ukoo, kwingine tunakokwenda kuzikwa.

Mwisho nikukumbushe Ayub Ogada, mwimbaji na mpiga nyatiti. Yeye alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake. Kijana mwenye ala ya nyuzi nane, akikaa katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, akiwaimbia kwa Kidholuo watu wenye haraka ambao hawakuelewa hata neno moja, akingoja sarafu. Alikuja kusikika, akarekodiwa na Real World, kampuni ya muziki ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, akazunguka dunia, na akafariki mwaka 2019 hapa hapa Nyahera. Kila nikisikia mgeni analalamika kwamba haelewi nyimbo zetu huwa namfikiria yeye kwenye ile ngazi ya kituo, ambako asiyeeleweka alikuwa mwimbaji.

Mshi wa Nakuru

Nimesoma nikacheka peke yangu, na mteja kwenye kiti akaniuliza kuna nini.

Mimi ni kinyozi. Natoka Bukavu, Kongo, na ninaishi London. Msishtuke, ni mtaa hapa Nakuru unaoitwa London, na nyumbani nimewaambia hivyo hivyo bila kuongeza wala kupunguza. Shangazi yangu mmoja bado anangoja nimtumie picha ya theluji.

Shida yangu imepinduka kuliko ya mwenye uzi. Mimi muziki wa kwetu umenitangulia. Kila kinyozi, kila baa, kila matatu ya kwenda Lanet ina rumba, na tangu UNESCO ilipoiingiza katika orodha yake ya urithi mwezi wa Desemba 2021 hata wazee wasiocheza wananipa pongezi kana kwamba niliijenga mimi. Tatizo ni kwamba nyimbo zile ni za Kilingala, na sisi wa Bukavu tunakua kwa Kiswahili na Kimashi. Kilingala changu ni cha kubahatisha. Wateja huniuliza, "Mkongomani, hapa anasema nini?" Nilipowaambia sijui, walidhani ninaringa. Basi siku hizi nawatafsiria ninavyotaka. Nimekwisha kuwapa maneno ya kuachana, ya mkopo, ya mama mkwe, na yote yanakubalika, kwa kuwa gitaa likilia vile linaweza kubeba habari yoyote.

Lakini usiku nikifunga mlango najua kwamba watu wote wa mtaa wananijua kwa muziki ambao si wangu. Wimbo wangu mimi ni mmoja wa kanisani kwetu, kwa Kimashi, ambao nyanya yangu alikuwa anauimba akitwanga sombe, na katika jiji zima hili sijampata hata mtu mmoja wa kuitikia. Kwa hiyo, ndugu wa Musoma, usidhani kwamba kuelewa maneno kungemaliza habari. Mimi ndiye ninayetegemewa kuyaelewa na bado nakula peke yangu.

Nitasema jambo moja zuri kuhusu Nakuru. Hapa karibu kila mtu ametoka mahali, na swali la "kwenu wapi" hujibiwa kwa tahadhari, kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka 2008. Watu hawakulazimishi kusimulia. Kuna siku hilo ni pumziko, na kuna siku ungetamani sana mtu alazimishe.

Mwanafunzi wa Mbale

Naomba niseme kidogo, nikiwa Mganda na nikiwa msichana.

Haya ya kwenda Kondele usiku kusikiliza ohangla na kumsimamisha mpigaji ni ya wanaume. Mimi nikienda huko peke yangu, kesho yake mama wa ploti ameniwekea alama. Muziki wangu ni wa waya za masikioni, kadongo kamu za baba yangu, mtu mmoja na gitaa lake akisimulia visa virefu, na ninausikiliza nikiwa naosha vyombo kwenye bomba la nje ili majirani wadhani naongea na simu. Nilichopata ni kwaya ya chuo. Nilipewa sauti ya pili, na katika sauti ya pili huhitaji kujua maana, unahitaji kumsikiliza aliye kushoto kwako. Wa kushoto kwangu ni msichana kutoka Ugenya ambaye hukosea mahali pale pale kila Alhamisi, na sasa nami nakosea hapo hapo. Hatujawahi kulizungumzia.

Mwenye uzi

Nashukuru kwa majibu yote. Dada wa Mbale, umenisahihisha, na ni kweli sikuwahi kufikiri kwamba kutoka usiku kutafuta muziki ni uhuru ambao si kila mgeni anao. Ndugu wa Bukavu, siku nikija Nakuru utaninyoa, na sitakuuliza maana ya wimbo wowote.

Nimekaa majuma matatu kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye alichoniagiza Mzaliwa wa Kondele. Nilichukua karatasi ya kukatia kitambaa, nikaibandika karibu na meza yangu, na kila niliposikia nyar au wuod niliandika kilichofuata. Alego, Asembo, Seme, Gem, Ugenya, Kano, Nyakach. Wenzangu walipogundua ninachofanya walianza kunichorea kila mahali palipo, yupi yuko karibu na maji, yupi yuko mlimani, nani hutaniwa kwa ulafi na nani kwa Kiingereza kingi, wakabishana wao kwa wao mpaka kiti cha mteja kikachelewa kwa siku nzima. Ninayo sasa ramani ya nchi hii ambayo haifanani na iliyo kwenye simu yangu. Yangu ina kelele.

Wakati huo huo likaibuka jina ambalo huenda wengi wenu mnashangaa sijalitaja. Fundi wetu mkubwa aliniuliza kama Shirati ninaijua. Nikamwambia naijua, iko kwetu mkoa wa Mara, upande wa Rorya. Akaweka chini nyundo. "Basi wewe ni wa kwao Misiani!" D. O. Misiani, mwenye bendi ya Shirati Jazz, aliyezaliwa kule mwaka 1940, akavuka mpaka na gitaa, akawa mmoja wa walioijenga benga wanayoiita yao, na aliyefariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Nilimweleza kwamba mimi ni Mjita, kwamba yeye Misiani alikuwa Mjaluo na kuvuka kwake hakukuwa kuvuka kwangu, kwa sababu lugha alikuwa nayo tayari mdomoni. Fundi akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akawaambia wengine kwamba mimi natoka kwa Misiani. Nimeacha kukanusha. Heshima niliyopewa siku ile ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, lakini ilinitosha vizuri mabegani, nami nilikuwa na baridi.

Mwenzetu mmoja alipata mtoto wa kiume, na Jumamosi iliyopita tukaenda Kondele kusherehekea mahali penye ohangla. Ngoma zile sitazieleza, wenyeji mnazijua, ila niseme kwamba mtu anayezisikia kupitia ukuta wa mabati hajazisikia. Baba wa mtoto alikuwa wa kwanza kusimama. Alitoa noti, mpigaji akanyamaza, yeye akajisifu, akamsifu mkewe nyar Asembo, akamsifu mtoto wa siku tisa kwa mambo ambayo hata mtu mzima hajayafanya. Nikacheka. Nilicheka pamoja na wote, wala si baada yao, na sikujitambua mpaka nilipokuwa nimekwisha kucheka.

Halafu wakaniangalia mimi.

Nilikuwa na shilingi 100 iliyobaki ya kurudi nyumbani kwa bodaboda. Niliitoa. Mpigaji akanyamazisha ngoma, na ukimya ule, jamani, ni mrefu. Nikasema kwa Kiswahili, maana sikuwa na kingine, kwamba mimi ni mtoto wa Musoma, ng'ambo ya maji. Kwamba mama yangu ndiye anayewalea hao omena wenu wakiwa wadogo, na huku huja wakiwa wamekwisha kufundishwa adabu. Kwamba ziwa hili Kenya ina asilimia 6 tu na sisi tuna karibu nusu, kwa hiyo ninyi nyote mliopo hapa mnavua kwenye uwanja wa nyumba yetu na hatujawadai kodi. Walipiga meza. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele kwamba nirudishiwe ziwa langu niende nalo.

Nikadhani nimemaliza, nikataka kuketi. Mpigaji hakuanza. Aliniinamia na kipaza sauti akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Na rafiki yako ni nani?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Mzaliwa wa Kondele aliandika wazi kwamba mtu hujisifu na kuwasifu rafiki zake, na mimi nilisoma nusu ya kwanza tu. Nilisimama pale nikihesabu kichwani watu wa Musoma, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye angeeleweka mle ndani. Kisha nikamwona fundi ninayekaa naye benchi moja, yule ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinishikia ncha ya kitambaa upande wa pili ninapokivuta na kukipiga pini, kazi ambayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Nikamtaja. Nikasema anavuta kitambaa sawasawa, hakilegei. Ilikuwa sifa ya kifundi tu, wala haikuwa na ushairi wowote, lakini alishuka pale alipokuwa ameketi, akatoa noti yake, akajisifu kwa Kidholuo kwa muda mrefu, nami nikashika wuod Nyakach na mwishoni nikashika neno moja ambalo sikuwa nimelisikia katika wimbo wowote: Jamusoma. Mtu wa Musoma. Ngoma zikaanza.

Nilirudi Nyalenda kwa miguu, kwa kuwa nauli nilikuwa nimeitoa.

Mzaliwa wa Kondele

Nimeisoma hii mara mbili. Sasa niambie ukweli, Jamusoma: Jumapili yake, saa kumi jioni, ilikuwaje?

Mwenye uzi

Ilikuwa ile ile. Niliosha nguo (ndiyo, niliosha), nikapika chai, nikamtumia mama ujumbe wa sauti akanijibu kwamba ananisikia kama nina mafua. Mama mwenye nyumba alipita na wajukuu zake wawili, akawasimamisha mbele ya mlango wangu wanipe shikamoo, kwa sababu ameipenda na sasa anaidai kwa kila mtoto wa ploti. Baada ya hapo nikabaki mwenyewe, na ile hali ikaja kwa wakati wake kama kawaida.

Jirani akawasha spika. Kijiko kikaanza. Kufika katikati ya wimbo wa pili akapunguza ghafla, akagonga bati mara mbili na kuuliza kutoka kule kwake, "Jamusoma, ni kelele? Nipunguze?"

Nikamwambia aache hapo hapo, ila anieleze huyo nyar Kano amefanya nini.